Batli ya Mashine Isiyoamka

Kiswahili cha mabaharia kina neno batli: daftari ambamo mwenendo wa safari ya chombo huandikwa. Kila ninapoitwa kuitazama kompyuta isiyoamka, hiyo batli ndiyo ninayoitafuta kwanza, kwa kuwa mashine nayo huandika safari yake.

Majira ya baridi yaliyopita, jirani yangu hapa Columbia Heights, mzee wa Kipemba anayeishi hatua chache kutoka Barabara ya 14, aliniletea kompyuta yake ya Linux. Ilikuwa ikionyesha nembo, ikisita, kisha ikizama gizani. "Ifute tu, mwanangu, uiwekee mfumo mpya," aliniambia. Baadaye akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mle ndani mna sauti ya marehemu mkewe akisimulia nasaba ya ukoo wao.

Kufuta ni kazi nyepesi; ndiyo maana mara nyingi hutangulia fikira. Niliiwasha kompyuta kwa mfumo uliokuwamo katika flashi, nikaifungua diski yake kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika, nikaingia katika folda ya /var/log/journal. Bahati ilikuwa yetu, kwani folda hiyo isipokuwapo, kwa kawaida kumbukumbu hukaa katika RAM peke yake, na mashine ikizimwa ushahidi huzimika nayo.

Batli ilisema wazi. Kwa siku kadhaa diski ilikuwa ikishindwa kusoma baadhi ya sehemu zake, na makosa yakiongezeka. Kumbe mfumo aliotaka ufutwe haukuwa na hatia. Kuweka mwingine juu yake kungeizika sauti ile. Nikatumia ddrescue, programu inayonakili kwanza sehemu zilizo nzima, ndipo ikarudia zilizoumia. Ilifanya kazi usiku kucha.

Katika jiji hilihili, Makumbusho ya Kitaifa ya Historia ya Marekani yamehifadhi daftari la kompyuta ya Harvard Mark II, lenye nondo aliyenaswa ndani ya mashine mwaka 1947 na kubandikwa ukurasani. Mashine yenyewe ilistaafu zamani. Daftari lingali linasomeka.

Sauti ya bibi ilipatikana, isipokuwa dakika chache. Majina yaliyopotea mzee anayo kifuani, na sasa ameanza kuyaandika kwa mkono.