Ndia

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mvua tangu alfajiri. Kibarani yote tope, na malori ya makontena yaturushia lililobaki mpaka mlangoni. Daftari la dogo limerudi: "ndia" imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake "njia". Insha nzuri, tena. Katoka daraja la Makupa mpaka Ngomeni, kapita Ndia Kuu. Na hiyo imekatwa! Jina la mtaa! "Njia Kuu". Iko wapi hiyo?

Jumatano, 7 Mei
Nimemsomea mama kwa simu. Kimya, kisha: "Kwani mwalimu wenu yuwapita wapi?" Nimecheka peke yangu ndani ya matatu, watu waniangalia.

Hasira haijaisha lakini. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, akakiandika Kimvita chetu. Kamusi yake ikatoka 1882, mwenyewe keshakufa. Halafu 1928 wakakaa mkutano, wakachagua Kiunguja kiwe cha shuleni. Wakakaa wapi? Hapa hapa Mombasa. Si wangekwenda kukaa kwengine angalau.

Alhamisi, 8 Mei
Mama wa mbaazi, Mgiriama: njira. Jirani Mkikuyu: njira vile vile. Fundi wa pikipiki, Mkamba: nzia. Wakongo, nzila. Na Kilingala, nzela! Rumba zote zile nimezicheza, sikulisikia. Mzulu kaenda mbali na indlela yake, lakini ndilo lilo hilo, na kwake pia ni barabara na ni namna ya kufanya jambo, kama sisi tukisema "sina ndia".

Kumbe katikati palikuwa na herufi. Mvita, Unguja, Wakamba, sote tumeimeza. Basi hata "njia" ya mwalimu ina pengo. Kama ni kusahihisha, aanze na Unguja.

Nimefurahi mno. Mbaazi zimepoa.

Jumapili, 11 Mei
Barua kwa mwalimu nimeiandika, nimeichana. Haya, insha iwe ya Kiswahili cha mtihani. Mtihani hauna bibi wa Mji wa Kale. Lakini Ndia Kuu nimemwambia aiandike tena vile vile, na akikatwa akatwe.

Sasa dogo kajua yatuudhi, yuwatutesa. Nikimwita "ndoo!" aja na ndoo kichwani. Makusudi. Leo nimemwambia madhali keshaibeba, aende nayo kwa muuza maji, airudishe imejaa.