Posa Niliyoivunja kwa Kadi ya Damu

Posa ya binti wa kaka yangu niliivunja mimi, shangazi yake, na sina wa kumsingizia. Wachumba walikwenda kupima damu kabla ya ndoa. Binti akawa O hasi, kijana B chanya. Nilipoiona kadi nikatamka mbele ya wazee: damu zao hazipatani, watazaa na kuzika. Kwa kuwa niliwahi kuuza duka la dawa, hakuna aliyenibishia. Posa ikarudishwa.

Sisi wa Tanga tumekua tukisikia kwamba nyota za fulani na fulani haziendani, na nyota zikishakataa, basi tena. Kadi ya maabara nikaisoma hivyohivyo. Kumbe Rh, yaani hiyo hasi na chanya ya kwenye kadi, iliyotangazwa na Landsteiner na Wiener mwaka 1940, haina ugomvi na mke na mume. Ugomvi, ukiwapo, ni wa mama aliye hasi na mtoto aliyerithi chanya ya babake. Damu ya mtoto ikipenya kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, mwili wa mama huiona ngeni na kutengeneza kingamwili. Mimba ya kwanza kwa kawaida husalimika. Zinazofuata ndizo hushambuliwa. Na kinga ipo tangu mwaka 1968: sindano ya anti-D. Hayo yote nilielezwa na muuguzi wa kliniki baadaye, nimemsindikiza binti yuleyule, yeye akinitazama tu.

Maana aliolewa na mwingine, naye chanya vilevile! Angempata wapi aliye hasi? Huku kwetu zaidi ya watu 9 katika kila 10 ni chanya. Kwa hukumu yangu ile, binti wa watu angezeeka kwao. Sasa ana watoto wawili, wazima wa afya, na sindano alichoma.

Yule kijana nilimfuata nikamwomba radhi. Alinijibu kwa adabu, ila kwetu hajakanyaga tena, wala simlaumu.

Dada uliye hasi, usiogope mume. Uliza mapema kama hospitali yako inayo anti-D, kwani si kila mahali hupatikana na bei yake si ndogo. Hutolewa mimba ikifika wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto aliye chanya. Mimba ikiharibika pia, uliza.