Mashine za Boti Kirumba

Miaka ya tisini pale Mwanza, mwenye mashine ya boti alitafutwa kuliko mwenye gari. Sangara alikuwa amepanda bei, viwanda vya minofu vimesimama kando ya Ziwa Victoria, na samaki wa visiwa vya Kome au Ukerewe alitakiwa afike kiwandani kabla hajalegea. Tanga na kasia havikuiweza kazi hiyo. Mimi nilikuwa mnunuzi wa samaki, na boti yangu ilikuwa na Yamaha ya nguvu farasi 25. Ikizima ziwani, barafu inayeyuka, samaki wanaharibika, na deni la petroli linabaki palepale.

Kabla sijamjua fundi mmoja wa Kirumba, hapohapo Mwanza, nilipitia mikono ya mafundi wengine. Ulikuwa unaacha mashine jioni, asubuhi unaikuta plagi siyo ile, kabureta siyo ile, na hujui umwambie nini mtu kwa sababu hukuona. Wanunuzi wanawake ndio tulioonewa zaidi. Tuliambiwa bei tukalipa, tukaondoka na kasoro ileile.

Fundi wa Kirumba alikuwa hafungui mashine ya mtu bila mwenyewe kuwepo. Kama umetuma kijana, mashine ilisubiri mpaka uje. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati, ubao wa kutundikia mashine, benchi la wateja, na pipa lililokatwa juu likajazwa maji. Pipa hilo ndilo lililomaliza ubishi wote. Mashine ikishatengenezwa ilifungwa ubavuni mwa pipa ikawashwa, na sisi wa kwenye benchi tunainuka kuangalia jambo moja tu: inakojoa? Uzi wa maji ukitoka nyuma, injini inapoa. Usipotoka, inazimwa hapohapo.

Mara ya kwanza aliponifungulia, aliniita karibu. "Njoo mama, shika mwenyewe." Akanitilia mkononi impela, kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji yapande kupoza injini. Mabawa yalikuwa yamekakamaa, yamelalia upande mmoja, na mawili yamekatika. Nikadhani atafunga mpya tuagane. Hakufunga. Alichukua waya akaanza kutafuta vile vipande viwili kwenye njia ya maji, maana kipande kikibaki humo kitaziba, na impela mpya haitasaidia kitu. Alipovipata alivipanga juu ya ubao kando ya ile kuukuu, akanionyesha kwamba vimetimia. Tangu siku hiyo sikumpelekea mtu mwingine mashine yangu.

Halafu yakaja magugu maji. Vijana wa leo hawawezi kujua ghuba ya Mwanza ilivyokuwa: mkeka wa kijani kutoka ufukweni, mtumbwi unasukumwa kwa mti kama uko matopeni. Majani na mizizi yalijibandika kwenye matundu mashine inapovutia maji, injini inachemka, pistoni inakwama. Benchi la fundi likajaa watu wa Ukara, wa Kome, wauza dagaa, mpaka wauguzi wenye boti ya zahanati. Hao wa zahanati aliwatanguliza kila mara, na hakuna mteja aliyenung'unika mbele yangu. Kila aliyeondoka aliagizwa lilelile: ukiingia kwenye magugu, zima, nyanyua mashine, safisha mguu kwa mkono, ndipo uwashe.

Namkumbuka pia mzee mmoja wa Ukerewe ambaye boti yake ilipinduliwa na dhoruba. Mashine ililala chini ya maji usiku kucha. Aliifikisha karakanani ikiwa ndani ya pipa la maji, watu wanne wamelibeba, na wengine kwenye benchi wakamshangaa. Fundi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kwa kuwa alikuwa amefanya sawasawa. Wengi mashine zao zikizama waliziopoa wakazianika juani, na kutu ilianza kuzila humohumo hewani kabla hawajafika mjini. Hii ya mzee ilitolewa plagi, ikavutwa kamba mpaka maji yakaruka yakaisha, ikamiminiwa oili, na jioni ile ikanguruma kwenye pipa.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwenye masoko yake, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Bei ikaanguka. Mashine zilizokwisha kutengenezwa zikakosa wa kuzichukua, kwa kuwa wenyewe hawakuwa na cha kulipa. Wafanyabiashara walipita na fedha mkononi wakitaka kuzinunua, na fundi naye alikuwa na watoto wa kulisha. Hakuuza hata moja. Alizibandika vibandiko vya karatasi vyenye majina, akazifunika turubai.

Nilikuwapo, miaka kadhaa baadaye, alipokuja kijana kuulizia mashine ya marehemu baba yake. Fundi alifunua turubai, akasoma vibandiko, akaitoa. Kijana akauliza deni. Fundi akamtajia bei ile aliyokubaliana na baba yake, bila kuongeza senti, akamwambia alipe kidogo kidogo akishaanza kuvua. "Ila kwanza nenda kanunue impela," akamwambia. "Mpira umekaa mkavu muda mrefu, mwanangu. Siiwashi hii na impela ya zamani."