Meli Iliyovuliwa Mzinga

Utotoni kwetu Irente, Lushoto, meli ya vita ilikuwa kitu cha kutunga. Ziwa hatukuwa nalo, bahari ilikuwa mbali. Tulikuwa na ukingo wa mlima, na chini yake mashamba ya mkonge ya Mazinde, reli ya Tanga na nyika isiyo na mwisho. Asubuhi za ukungu nyika ikifunikwa ikawa kama bahari, tulipeana vyeo, tukapanga mizinga na kupigana hadi jua litoke. Meli yetu tuliitungia historia ndefu: ilishinda wapi, ilizama mara ngapi, nani aliiibua.

Kumbe meli ya namna hiyo ilikuwepo, na baba yangu mdogo ndiye aliyetuletea habari zake. Alikuwa mtumishi wa Reli kituo cha Mombo. Enzi hizo shirika la reli la Afrika Mashariki liliendesha treni na meli za maziwani pia, hivyo mtu aliweza kutolewa Mombo akapelekwa Kigoma bila kubadili mwajiri. Aliporudi likizo kutoka Kigoma tulimzunguka.

"Shikamoo baba mdogo. Ni kweli ile meli ina mzinga?"

"Marahaba mwanangu. Ulikuwepo. Sasa inabeba mahindi."

Mahindi hayakunishughulisha. Nilitaka mzinga, na miaka mingi niliufuatilia vitabuni. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafiri kwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam, na tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini Kigoma, Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiita Graf von Götzen, jina la gavana wao aliyetawala wakati wa vita vya Maji Maji. Götzen huyo, katika safari yake ya bara ya mwaka 1893, alianzia Pangani, kwenye mlango wa mto uleule unaopita nyikani chini ya milima yetu. 

Mzinga wake, wa milimita 105, ulitoka kwenye manowari Königsberg iliyoangamia delta ya Rufiji Julai 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. (Mwenzake mmoja yuko Fort Jesus, Mombasa, ukipita pale usimame uutazame.) Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakizivusha nchi kavu kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo. Boti hizo ziliteka meli moja ya Wajerumani na kuzamisha nyingine, lakini kamanda wao, Spicer-Simson, alipoiona Götzen hakuisogelea. Baadaye mzinga uling'olewa ukatumike vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mbao. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, mafundi wakiwa wameshapaka injini grisi ili siku moja iweze kufufuliwa.

Vita vyake vyote havikufika miaka miwili. Hata hivyo ndivyo vilivyozaa riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 na filamu ya The African Queen ya mwaka 1951. Ndani ya filamu meli ya Wajerumani inazama, hadithi inaisha. Huku kwetu ndipo ilipoanzia. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo wenyeji wa kusini waliliita ziwa lenyewe.

Nilipoipanda mara ya kwanza nilikuwa kijana, na mzinga niliusahau usiku uleule. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilipiga honi, ikasimama mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ikatoka gizani kuishambulia: dagaa walipanda, migebuka mikavu, magunia, mananasi, mama mwenye mtoto mgongoni akivutwa mkono na watu asiowajua. Kirando, Kipili, Kasanga, hadi Mpulungu ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Makarani walipiga kelele, mabaharia walipokea mizigo, na katika vurugu ile kila mtu alijua kazi yake. Baba mdogo alikuwa akiusifia mvuke wake hadi machozi. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikawekwa dizeli, naye hakuizoea ile ngurumo.

Mei 2015 ndiyo iliyonifanya niiheshimu kuliko manowari yoyote. Wakimbizi Warundi kwa maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, kipindupindu kikiwapukutisha. Liemba ilikwenda, ikarudi Kigoma imejaa watu, ikaenda tena. Walifikishwa kwenye meli kwa mitumbwi, kama walivyofikishwa wenye mananasi.

Mwishoni mwa muongo ule safari zake zilisimama, na habari zake zikawa za matengenezo. Wapo wanaotamani iwe makumbusho, kwa ajili ya Wajerumani, Spicer-Simson na filamu. Mimi nasema itengenezwe ifanye kazi. Mfanyabiashara wa Kirando ana dagaa wa kufikisha sokoni wiki hii, na barabara yake masika haipitiki.