Keko, Kabla ya Kulipa

Ukifika Keko, Dar es Salaam, harufu ya mbao na vanishi itakulaki kabla ya mafundi wenyewe. Usivutwe na kabati jipya linalong'aa. Tafuta kuukuu la mninga, hata kama limebabuka. Litazame nyuma na chini ya miguu. Vitundu vidogo vyenye vumbi laini kama unga ni alama ya wadudu wanaotoboa mbao. Mimi nilivipuuza, na nguo za watoto zikarudi katika masanduku.

Likiwa zima, lipige msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, lifute vumbi, kisha lipake vanishi mikono miwili, wa kwanza ukiwa umekauka kabisa. Hivyo ndivyo nilivyolitengeneza la pili. Bawaba moja ingali ikilia.