Mhubiri Aliyekuwa Mkalimani

Mwaka 1960 mhubiri mashuhuri wa Marekani, Billy Graham, alihubiri Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kiswahili hakukijua. Kando yake alisimama Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, aliyekuwa amefundisha Dodoma kwa miaka mingi na kukimudu Kiswahili kwa ufasaha. Kila Graham aliponyamaza, Kivengere alisema. Wengi waliokuwapo hawakupata neno la mgeni ila kwa kinywa cha mkalimani, ingawa jina lililovuma duniani lilikuwa la mgeni.

Ukalimani ni shule ngumu. Mkalimani akiongeza la kwake, amemsaliti msemaji. Akipunguza, amewasaliti wasikilizaji. Mhubiri wa Kikristo hudai kwamba siku zote yumo katika hali hiyo: asemalo si lake, bali ametumwa. Lakini mimbari humpa mtu kimo. Yule aitwaye mtumishi huketishwa kiti cha mbele na kupakuliwa wa kwanza, na baada ya miaka michache huwa vigumu kwake kutenganisha heshima inayopewa Neno na heshima anayopewa yeye.

Kivengere alikuwa mtoto wa Uamsho. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ulienea Rwanda, Uganda na Kenya, ukafika Tanganyika. Desturi yake kuu iliitwa kutembea nuruni: mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake waziwazi, bila kuivika nguo. Mzungu aliungama mbele ya Mwafrika, na mume mbele ya mkewe. Katika jamii zilizopangwa kwa ngazi za rangi, umri na cheo, jambo hilo lilikuwa tetemeko.

Kivengere aliokoka mwaka 1941, akiwa mwalimu kijana. Alizoea kusimulia kwamba baada ya hapo alipanda baiskeli, akaenda maili zipatazo 50 kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye alikuwa akimchukia. Msomaji wa leo, hasa aliyeisoma historia ya ukoloni, ana haki ya kushtuka. Kwa nini mtawaliwa ndiye achoke njiani kumwomba radhi mtu wa upande wa watawala? Je, huo ni unyenyekevu, au ni utii uliobatizwa jina jipya? Kivengere aliisimulia safari ile kama kufunguliwa: chuki ilikuwa imemfunga yeye mwenyewe. Jibu hilo ni la kweli kwa nafsi yake, ila halimalizi swali. Unyenyekevu unaomshukia mwenye nguvu haupimwi kwa siku moja. Huna budi kungoja uone kama utamwambia ukweli pia.

Swali la pili ni la ndani ya Uamsho wenyewe. Mwaka huohuo wa 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa. Waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakakemea waziwazi yale waliyoyaona kuwa maovu chuoni, wala hawakukubali kuacha walipoamriwa. Wakuu wao waliona kiburi. Wao waliona uaminifu. Inawezekana pande zote mbili ziliona sawa. Mtu aliyejifunza kuungama hadharani yu karibu sana na kishawishi cha kudai wengine nao waungame, na kuwapima kwa ufasaha wa toba yao. Majivuno hayana haja ya kanzu ya dhahabu; hata gunia huyatosha.

Ndiyo maana kisa chake kingine kina uzito kuliko kile cha baiskeli. Siku moja aligombana na mkewe, Mera, kisha akashika njia kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia akiambiwa arudi kupatana naye kwanza. Akajitetea kwamba watu wanamngoja. Akajibiwa kwamba basi, na aende akahubiri; Roho atabaki na mkewe. Aliisimulia habari hiyo mimbarini, na mtu anaweza kusema kwamba unyenyekevu unaosimuliwa umekwisha kuwa pambo. Lakini anayechekwa katika masimulizi hayo ni msimulizi. Tena jambo lenyewe lilitendeka mahali pasipo kusanyiko wala makofi, mbele ya mtu mmoja aliyemjua vizuri mno asiweze kudanganywa na sauti yake.

Mwaka 1977 ulileta kipimo kilichobaki. Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi tangu 1972. Mwezi Februari maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu, naye Kivengere alikuwa mmoja wao. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Wenzake waliruhusiwa kuondoka. Askofu Mkuu Janani Luwum alizuiwa, akauawa, na serikali ikatangaza kwamba alikufa katika ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mtu aliyemwendea Mzungu kwa baiskeli hakuwa mtu wa kuinama mbele ya kila mwenye bunduki.

Uhamishoni akagundua adui mwingine. Alikuwa amepata haki ya kuchukia ambayo hakuna mtu angemlaumu nayo, na ilikuwa ikimla. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, alikubali kwamba hana budi kumsamehe Amin, kisha akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda. Wakimbizi wenzake wengi walilipokea neno hilo kwa uchungu, na uchungu wao haukuwa wa bure: waliozika, au waliokosa hata maiti ya kuzika, hawasemewi na askofu. Naye hakufuta barua ya Februari. Alisamehe bila kukana aliloliandika. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, alirudi Kigezi, akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 1988.

Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Methali hiyo humngoja mkubwa aanguke. Wahubiri wa Uamsho, katika siku zao njema, walifundisha kushuka kabla ya kuangushwa, na kushuka huko kulianzia nyumbani, pale mhubiri alipogeuka njiani akarudi mlangoni kwake, huku kusanyiko likiendelea kumngoja.