Kabla Uniulize Mutura Nilimtoa Wapi

Inboksi yangu siku hizi ina swali moja tu. "Hako kadogi ulikatoa wapi?" "Ni pesa ngapi?" "Nitafutie kama hako." Kwa miezi nimekuwa nikijibu na emoji ya kucheka. Leo wacha niwajibu vizuri, na mkiacha kunifuata baada ya hapa, ni sawa.

Mutura anaitwa Mutura kwa sababu ni mrefu, mweusi, na ukimwona kwa mbali unadhani ameanguka kutoka kwa jiko la yule msee wa kona. Ni dachshund, ile aina ndogo kabisa. Nilimchukua akiwa na miezi mitatu, na aliyeniuzia alinimaliza na maneno mawili: "ni mbwa wa ghorofa" na "hana kazi." Mimi naishi ghorofa ya nne, hakuna lifti, ni ngazi tupu. Nikaona hii ndiyo yenyewe.

Mamangu alipomwona mara ya kwanza aliuliza, "Mbwa analala ndani? Kwa kochi? Na jina lake ni chakula?" Kisha akasema hatamgusa.

Sasa kuhusu hiyo kochi. Nilimfundisha kuruka kutoka pale juu hadi kwa mkeka nikipiga makofi. Vimiguu vifupi, mwili mrefu, masikio yamepaa kama mabawa. Mnaijua hiyo video, wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa. Watu wakasema rudia, nikarudia. Jioni nyingine aliruka mara kumi na tano ndio nipate ile moja safi ya kuposti. Yeye alikuwa anafurahia, manze, mkia haukutulia. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Asubuhi moja ya mvua hakuja mlangoni. Nilimpata chini ya meza, mgongo umepinda juu, anatetemeka. Nikadhani ni baridi. Nikamfunika na leso, nikaenda shughuli zangu. Jioni akajaribu kusimama, miguu ya mbele ikaenda, ya nyuma ikabaki. Akageuka akaniangalia kama mimi ndiye nimeishikilia.

Nilimlaza kwa beseni ya nguo nikashuka ngazi polepole hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari akabana kidole cha mguu wa nyuma, akabana tena kwa nguvu. Mutura akalia. Daktari akashusha pumzi: "Bado anahisi. Asingehisi, tungekuwa tunazungumza upasuaji wa haraka." Kisha akauliza, "Huyu huwa anaruka?"

Nikanyamaza.

Pale ndipo nilianza kusoma vitu nilivyofaa kusoma kabla ya kutuma pesa. Hii mbwa tunayoicheka haikuumbwa kwa kochi. Jina lenyewe ni Kijerumani: Dachs ni mnyama anayechimba mashimo, jamaa wa mbali wa nyegere wetu, na Hund ni mbwa. Wawindaji wa Ujerumani walitaka mbwa wa kuingia kwa shimo na kupambana na huyo mnyama kwa giza, peke yake. Ndio maana ana miguu mifupi, makucha mapana ya kuchimba, kifua kirefu cha kuweka pumzi, na ile sauti kubwa inayofanya jirani wangu wa ghorofa ya tatu anipigie simu. Aliyeshika bunduki juu alihitaji kusikia mbwa yuko wapi chini ya ardhi. Wale wadogo walitengenezwa baadaye kwa sababu ya mashimo ya sungura, na mpaka leo Wajerumani hupima saizi ya dachshund kwa mzunguko wa kifua. Swali ni kama anatoshea shimo. Uingereza wao hutumia mizani, na aina ndogo inafaa isipite kilo 5 hivi. Kwa hivyo "hana kazi" ilikuwa uongo wa kwanza.

Uongo wa pili ni huo wa ghorofa. Ile miguu mifupi inatokana na jeni zinazozuia mifupa kurefuka kawaida, na moja ya hizo jeni ndiyo hukausha mapema vile vigodoro laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Kigodoro kikikauka kinaweza kupasuka na kubonyeza neva. Karibu dachshund mmoja kati ya wanne au watano hupata hii shida maishani. Ngazi, kuruka na unene huongeza mzigo kwa mgongo ambao tayari ni dhaifu. Mimi nilikuwa nimempa zote tatu, kwa sababu pia nilikuwa namlisha chapati.

Tulipewa dawa na wiki sita za kufungiwa. Si matembezi mafupi, ni kufungiwa kwa kizimba kidogo, atoke tu kukojoa akiwa amebebwa. Analia usiku, wewe unalia, jirani anapiga simu. Nilijifunza kumbeba vile inafaa: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa kama ubao. Usiwahi kumwinua kwa kwapa kama mtoto. Kamba yake sasa inafungwa kifuani, si shingoni. Fundi wa mtaa alinitengenezea ubao wa mteremko wa kochi, ukafunikwa na kipande cha zulia asiteleze. Chapati zikaisha. Anatembea kila siku, chini kwa barabara, kwa sababu misuli ndiyo inashikilia ule mgongo.

Na kama bado unatafuta, ukiambiwa hawa wenye madoadoa ya marumaru ni "spesheli," uliza rangi ya mama na baba. Wazazi wote wawili wakiwa na hayo madoadoa, watoto wengine huzaliwa vipofu au viziwi. Muuzaji atakuonyesha macho ya bluu na kuongeza bei.

Kitu sijawahi kusema: ile video niliiacha juu wiki tatu nzima Mutura akiwa kwa kizimba. Ilikuwa bado inaleta watu, na nilikuwa na bili ya daktari. Nilikuwa nampa dawa na mkono mmoja nikijibu maoni na mwingine, "haha ndiyo anapenda kuruka." Niliitoa usiku ule alijaribu kusimama kwa kizimba akaanguka, mara nne mfululizo, bila mtu kumpigia makofi.

Sasa anatembea. Nyuma inayumba kidogo kama mtu ametoka harusini, na daktari anasema inaweza kubaki hivyo. Wikendi iliyopita mamangu alikuja. Wakati wa kushuka nilikuwa nimebeba gesi ya kujaza, nikamwambia, mum, ngoja nirudi nimchukue. Nilipofika chini nikageuka. Alikuwa kwa ngazi za ghorofa ya pili, mkoba begani, anashuka moja moja, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, akimwambia Mutura aache kumlamba.